Bawa la kushoto: kutu nyeupe, riveti na puti

Jumamosi, 3 Mei 2025

Mabawa yote mawili ya ndege yetu yameshafika Uyole, Mbeya. Yamelazwa juu ya matairi chakavu ndani ya ghala tulilopanga, na mwenye ghala ameshazoea kuulizwa na majirani kama ile ni boti.

Kwa anayeanza kufuatilia leo: ndege ni Zenith CH 701, ile ndogo ya viti viwili aliyoibuni Chris Heintz miaka ya 1980 ili iruke na kutua kwenye viwanja vifupi. Mwenyewe wa kwanza aliinunua ikiwa bado seti ya vipande kwenye makreti, akajenga mabawa na mkia, kisha kazi ikamhamisha nchi. Vitu vikabaki kwenye ghala la shamba la kahawa huko Mbozi, mvua zikaja zikapita, hata sisi tulipovikuta na kuvinunua jinsi vilivyo. Mkia ulikuwa na nafuu. Mabawa ndiyo yameumia, na la kushoto limeumia zaidi, kwa hiyo tunaanza nalo.

Bati la bawa ni aloi ya 6061-T6, unene wa milimita 0.4. Ukibonyeza kwa kidole katikati ya mbavu mbili, zile fremu za ndani zinazoshikilia bati, linabonyea, ukiachia linarudi. Aloi hii ina magnesi na silikoni, na kwa kawaida inavumilia kutu kuliko ile ya 2024 inayopendwa kwenye ndege nyingine. Hiyo ya 2024 ina shaba ya zaidi ya asilimia 4 ndani yake, ndiyo maana mabati yake mengi huvikwa ngozi nyembamba ya alumini safi juu. Kwa sababu 6061 ni mvumilivu, wapo wajenzi wengi wa ndege za aina hii ambao hawapaki chochote kwa ndani, na ndege zao zinadumu. Ila hao hawakulaza mabawa yao pembeni ya mrututu, ile dawa ya shaba ya mashambani.

Ghala la kahawa lina vitu vyake. Kuna mbolea, na kuna dawa za shaba zinazopigwa dhidi ya magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani. Mifuko ikichanika, unga unatulia juu ya kila kitu. Usiku wa Mbozi ni wa baridi, bati linapoa, umande unalishika, unga unayeyuka. Shaba iliyoyeyuka ikigusa alumini inajibandika juu yake kama madoa madogo sana, na kila doa linageuka mlaji: metali mbili tofauti zimegusana, unyevu wenye chumvi upo, basi ile dhaifu inaliwa. Hapa dhaifu ni alumini. Dawa ya kutu ya majani imeleta kutu ya bati.

Jumapili, 4 Mei

Tumeosha. Maji, sabuni ya kawaida, brashi laini, halafu maji mengi. Hakuna kusugua kwa nguvu leo, maana unga ukiwa bado upo, kusugua ni kuupakaza.

Kwenye chumba cha kwanza kutoka shina la bawa, upande unaoungana na mwili wa ndege, tumekuta kiota cha panya. Nyasi, vipande vya gunia, maganda ya mahindi, na chini yake bati limegeuka rangi ya majivu. Mkojo wa panya ni adui ambaye kila fundi wa ndege anamjua. Una chumvi, na una urea inayooza ikatoa amonia, tena unakaa umefunikwa na nyasi zinazoshika unyevu. Mdogo wangu alitia kidole, akakuta kama chumvi ya mezani iliyoganda. Alipokwangua kidogo kwa kijiti cha mwanzi, tukaona mwanga wa mlango kupitia tundu dogo kama la sindano.

Kwa hiyo tayari tunajua kuna kipande cha bati kitakachokatwa.

Jumamosi, 10 Mei

Leo ni ramani tu. Tumegawanya bawa kwa vyumba kufuata mbavu, juu na chini, na kila chumba kina ukurasa wake kwenye daftari. Alama tunaweka kwa kalamu ya wino mzito. Penseli marufuku ndani ya ghala, na sababu ipo kwenye bawa lenyewe.

Yule mjenzi wa kwanza alipiga mistari ya penseli kuonyesha katikati ya kila ubavu, pale riveti, zile pini za kufungia bati, zitakapopita. Penseli ina grafiti, na grafiti ikilala juu ya alumini yenye unyevu inafanya kazi ileile ya shaba, tena kwa ukali. Nimeinamisha tochi ili mwanga upite sambamba na bati, nikaona mstari umeliwa: vishimo vidogo vyenye unga mweupe, vimefuatana kwa unyoofu wa rula. Pembeni ya mstari bati ni zima. Ukipitisha ukucha unahisi mikwaruzo midogo kwenye mstari, ukitoka milimita tano ni laini. Nimepiga picha ya hilo kwa sababu nikilisimulia tu hakuna atakayeniamini.

Madaraja yetu ni matatu. A ni madoa ya juujuu, ukucha hauhisi kitu. B ni vishimo ambavyo ukucha unahisi. C ni pale bati lilipotoboka, au limevimba kandokando ya riveti. Uvimbe ni ishara mbaya kuliko vishimo. Kutu ya alumini inachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo ikikosa pa kutokea katikati ya mabati mawili inayasukuma yaachane. Ukiona bati limeinuka kama mto katikati ya riveti mbili, tatizo lipo chini, hata kama juu pameng'aa.

Sehemu kubwa ni A. Mistari ya penseli ni B karibu yote. C ni chumba cha panya, na eneo moja la juu karibu na ukingo wa mbele.

Jumamosi, 17 Mei

Mzee amekuja kutoka Iringa kwa basi la alfajiri. Ni injinia wa ndege mstaafu, ndiye anayesimamia kila kitu kinachohusu nguvu ya muundo, na ndiye atakayesaini kitabu cha kazi kabla hatujawaita watu wa TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kukagua. Tulimwamkia, akaitikia, akaomba tochi kabla ya chai.

Alianza na riveti. CH 701 inafungwa kwa pop riveti za kuvuta upande mmoja, nyingi zikiwa za milimita 3.2 na pale penye kazi nzito za milimita 4.0. Kichwa chake kinatoka kiwandani kikiwa bapa, ila mdomo wa mashine ya riveti umechongwa kishimo, kwa hiyo ukivuta, kichwa kinafinyangwa kuwa kuba dogo la kupendeza. Msumari wa katikati unakatika ndani na kubaki humo. Mwili wa riveti ni alumini. Msumari ni chuma.

Hapo ndipo penye jambo. Katikati ya kila kichwa, pale msumari ulipokatikia, kuna kishimo. Bawa likilala ghalani, au likiegeshwa nje kwenye mvua ya Mbeya, kila kishimo cha upande wa juu ni kikombe. Maji yanakaa juu ya chuma kilichozungukwa na alumini. Zinki iliyopakwa kwenye msumari inaisha, chuma kinaanza kutoka damu ya kahawia, na maji yanatafuta njia pembeni ya msumari hadi ndani ya bawa. Upande wa juu wa bawa letu una michirizi ya kahawia kwenye riveti nyingi. Upande wa chini karibu hakuna.

Mzee alipita riveti moja moja kwa lenzi. Msumari upo au umedondoka? Kichwa kimekaa sawa au kimeinuka? Pembeni kuna masizi? Masizi meusi kuzunguka kichwa maana yake riveti inacheza ndani ya tundu lake na kusaga alumini kuwa unga. Bawa hili halijawahi kuruka, kwa hiyo masizi hayapo, lakini alitaka tujue kuyatambua. Zilizokosa msumari, zilizoinuka, na zote zilizo ndani ya eneo la C zikazungushiwa duara jekundu.

"Hizi zote ng'oa," akasema. "Zile nyingine zina kutu ya uso tu. Using'oe riveti nzima kwa ajili ya sura. Kila ukitoboa upya, tundu linakuwa kubwa kidogo, na bati hili halina unene wa kukusamehe."

Jumamosi, 24 Mei

Kusugua madaraja ya A na B.

Kwa A tunatumia Scotch-Brite ya rangi ya damu ya mzee na maji kidogo. Kwa B msasa wa maji namba 320, halafu 400, tukimalizia na Scotch-Brite. Kuna kijana alikuja kusaidia akiwa na stiliwaya ya kusugulia masufuria mfukoni, nia njema kabisa, na nusura aitumie. Stiliwaya na brashi ya waya wa chuma haviruhusiwi kugusa bati la ndege. Chembe za chuma zinanasa kwenye alumini laini, huzioni, na baada ya masika moja kila chembe imechimba shimo lake. Tukampa kazi ya kuchanganya sabuni.

Kipimo cha mwisho wa kusugua ni kwamba unga mweupe uishe hadi chini ya kishimo. Ukiacha unga chini na kupaka rangi juu, umefungia mbegu. Halafu tunapima kina kwa dayal geji, kipimo chenye uso kama wa saa, tuliyoazima kwa fundi mchongaji wa Iyunga. Mzee ametupa mpaka: kutu ikishasafishwa, ikiwa imechukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unene wa bati, tusilainishe na kuendelea, tumwite. Sehemu ya kumi ya milimita 0.4 ni milimita 0.04. Ni kidogo kiasi kwamba mkono wenye hasira na msasa unaweza kuimaliza hata pasipokuwa na kutu.

Mistari ya penseli imepona karibu yote. Sehemu moja imevuka mpaka, na kwa bahati ipo ndani ya chumba cha panya ambacho kinakatwa hata hivyo.

Jumamosi, 7 Juni

Kung'oa riveti. Utaratibu wa Mzee, kwa wanaouliza:

Kwanza msumari. Panchi nyembamba, nyundo ndogo, gonga msumari ushuke ndani. Ukianza na drili wakati msumari bado upo, biti inateleza juu ya chuma kigumu na kuhamia kwenye alumini laini pembeni, na tundu linakuwa yai. Msumari ukishashuka, kishimo chenyewe kinaongoza biti. Toboa kichwa tu, taratibu, hadi kianze kuzunguka na biti au kikatike kama kofia. Usitoboe hadi ndani. Kisha sukuma mwili wa riveti kwa panchi, huku mwenzako ameegemeza kipande cha mti upande wa pili ili ubavu usipinde.

Matundu mengi yamebaki vilevile, yatapokea riveti za 3.2 kama zamani. Machache yamepanuka, hayo yatapanda kwenda 4.0, ila kwa sharti kwamba kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati pawe na angalau mara mbili ya kipenyo cha riveti, yaani milimita 8. Tumepima yote. Lililokuwa karibu zaidi na ukingo limepita kwa nafasi ndogo.

Misumari iliyoshushwa inadondokea ndani ya bawa, na hiyo ni mbegu nyingine ya kutu. Sumaku iliyofungwa kwenye fimbo inaokota misumari. Maganda ya riveti ni alumini, hayafuati sumaku, hayo yanatolewa kwa mashine ya kunyonya vumbi na subira.

Jumapili, 8 Juni

Bado tunasikia kitu kinachakarika ndani ya chumba cha nne tukiinua ncha ya bawa. Tumeshinda tunakitafuta. Kilikuwa punje ya kahawa.

Jumamosi, 14 Juni

Kiraka cha chumba cha panya. Bati la alumini linalouzwa madukani huku, lile la masufuria na mabango, halifai hata kwa kufikiriwa: ni laini, na halijapitia ule mpiko wa joto unaoipa T6 nguvu yake. Tunashukuru kreti la mwisho lilikuwa na mabaki ya bati halisi la seti, likiwa na maandishi ya kiwandani yanayosomeka.

Mzee alichora kiraka kwenye karatasi, nasi tukaibandika karatasi hiyo kwenye kitabu cha kazi. Sehemu iliyooza imekatwa kwa umbo la mstatili wenye kona za mviringo, maana kona kali ni mahali ambapo ufa unazaliwa. Kiraka kinapita ukingo wa tundu kwa upana wa kutosha mistari miwili ya riveti. Kabla ya kufunga, kila uso utakaofunikwa umepakwa praima na kufungwa ikiwa bado mbichi kidogo, ili praima ijaze nafasi zote za katikati. Kazi chafu, inachafua vidole na vibanio, lakini maji hayatapata pa kukaa.

Tundu la kutolea maji la chumba kile lilikuwa limezibwa na nyasi za kiota. Tumelizibua, na tumekagua mengine yote kwa waya wa shaba uliofunikwa plastiki.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi pumzi zinaonekana. Huu ndio mwezi wa kupaka epoksi Mbeya ikiwa unatafuta shida.

Bati lililosuguliwa limepitishiwa asidi ya fosforiki iliyozimuliwa, glavu na miwani zikiwa mahali pake, kisha likasuuzwa. Kwenye maungio ya mabati hatukumimina, tulipaka kwa kitambaa chenye unyevu tu. Asidi ikiingia katikati ya mabati mawili haitoki, na itakula kimyakimya kwa miaka. Suuzo la mwisho ni maji ya betri, yale yaliyochujwa kwa mvuke ambayo hayana chumvi. Mkienda dukani semeni vizuri mnachotaka, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo kuna maji makali, yaani asidi, na mwenye duka akiwa na haraka anakupa chochote chenye kidumu cheupe.

Halafu jaribio la maji. Mimina maji safi juu ya bati lililosimamishwa wima. Yakishuka kama pazia moja, bati ni safi. Yakigawanyika na kuacha visiwa vikavu, kuna mafuta, hata kama ni ya kiganja chako. Chumba cha tatu kilitoa visiwa, tukarudia kuosha.

Ile dawa ya kromati ya kuvisha alumini ngozi ya dhahabu hatutumii. Ni nzuri, lakini kromiamu yake ni ya aina inayosababisha saratani, na sioni ni wapi Uyole ningemwaga mabaki yake nikalala usingizi. Tumeridhika na praima ya epoksi iliyotoka Dar, juu ya bati lililosafishwa siku hiyohiyo.

Ili epoksi ishike, joto la bati lisiwe la chini sana. Jiko la mkaa lilipendekezwa na watu wasiopungua watatu, na jibu ni hapana: linatoa hewa ya sumu ndani ya ghala lililofungwa, na thina inawaka. Tumeazima balbu nyekundu za kulelea vifaranga kwa jirani anayefuga. Tunaziwasha kupasha bati, tunazizima na kuzitoa kabla ya kupuliza rangi, tunazirudisha mvuke wa thina ukishaisha. Vifaranga vyenyewe havikuwepo wiki hiyo, nisije nikaonekana katili.

Jumamosi, 28 Juni

Umeme hakuna. Kompresa imelala. Tumefagia.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Sikukuu, kwa hiyo wote tupo: Mzee, mdogo wangu, na dada fundi rangi kutoka gereji moja ya Mwanjelwa. Huyu dada anapiga puti mlango wa basi dogo hadi unajiona uso, na ndiye tuliyemkabidhi sura ya bawa. Riveti mpya zimeshafungwa, praima imekauka. Suala la leo ni kuziba vile vishimo vya vichwa vya riveti, na hapo wakubwa wakashindana.

Dada alitaka kuziba vyote, juu na chini, kisha kusawazisha hadi riveti zisionekane.

"Ukishazificha, mimi nitakagua nini?" Mzee akamuuliza. "Riveti ikilegea angani, inasema kwa masizi. Ukiivika puti umeifunga mdomo."

"Mzee wangu, na ukiiacha wazi maji yanaingia. Umesema mwenyewe juzi."

"Nimesema. Ziba kishimo, usizibe kichwa."

Tumekubaliana hivi, na naona ndiyo njia sahihi kwa ndege ya kazi. Upande wa juu wa bawa, kila kishimo kinazibwa, lakini puti inaishia ndani ya kishimo, na ukingo wa kichwa unabaki wazi kwa jicho na kwa lenzi. Upande wa chini hatuzibi. Maji hayapandi, na kama kuna unyevu ndani, afadhali upate njia. Riveti zinazoshika nguzo kuu ya bawa hazipati puti hata za juu, zinapakwa praima kwa brashi ndogo ndani ya kishimo, basi. Na mabawa madogo ya nyuma yanayogeuka, yale yanayofanya kazi ya kupindisha na kupunguza mwendo kwa pamoja, hayaguswi kabisa. Uzito wowote nyuma ya bawaba zake unaweza kuyafanya yaanze kupepea kwa kasi ya hatari, na kupepea kwa namna hiyo kunavunja ndege kabla rubani hajaelewa anachosikia.

Mdogo wangu aliuliza kama puti hiyo haitaongeza kasi, maana bawa litakuwa laini. Mzee alicheka. Ndege hii ina mabawa manene yaliyotengenezwa ili iruke polepole. Vishimo vya milimita mbili havimzuii mtu kufika Njombe.

Puti yenyewe: ya magari, ile ya poliesta na hadina nyekundu ya kuigandisha, imekataliwa. Inakunywa maji, ni nzito, na bati jembamba likitetema inapasuka na kuchomoka kama ganda la jipu. Tunatumia epoksi iliyochanganywa na unga wa vitufe vya kioo vyenye hewa ndani, unaouzwa Dar kwa watengenezaji wa boti za fiba. Ni nyepesi na inasuguliwa vizuri.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ya matundu.

Kila kishimo kimepulizwa kwa hewa kavu, kimekwanguliwa kutu ya msumari kwa ncha ya kifaa cha kuchongea, kimefutwa kwa kijiti cha meno chenye pamba na thina, kisha kimepata tone la praima chini. Hiyo ndiyo sehemu ndefu. Ukiziba juu ya kutu ya kahawia, msumari utaendelea kuvimba chini ya puti na kuisukuma nje. Nimeona bawa la ndege nyingine lililozibwa hivyo, lina chunusi mstari mzima.

Kisha puti. Epoksi imechanganywa iwe nzito kama uji wa mgonjwa, ikatiwa kwenye bomba la sindano la duka la dawa za mifugo, bila sindano. Tatizo lilijitokeza mapema: unajaza kishimo vizuri, baada ya muda kinatoa povu, katikati panabaki tundu. Hewa iliyonaswa pembeni ya msumari inapanuka bati likipata joto la asubuhi na kutafuta pa kutokea. Dada akageuza ratiba. Tupashe bati kwanza kwa balbu hadi liwe la uvuguvugu, tuzime, tujaze wakati linapoa. Sasa hewa inasinyaa na kuvuta epoksi chini. Ukitazama kwa karibu unaiona ikishuka yenyewe, uso wake unakuwa kijiko kidogo, unaongeza tone, unapita na kadi ya benki iliyokwisha muda kuondoa ziada. Tangu hapo hakuna povu.

Tumeishia nusu ya bawa. Migongo imegoma kabla ya epoksi.

Jumamosi, 19 Julai

Nusu ya pili imekamilika katikati ya wiki, leo tumesugua. Msasa namba 400 umeviringishwa kwenye kifutio cha shule, tunagusa kichwa cha riveti peke yake. Hapa dada anafundisha na sisi tunajifunza: mkono wake hauna uzito. Sisi wengine tunakwangua praima hadi bati linang'aa na kulazimika kupaka tena, yeye anaacha duara jeupe la puti na kandokando yake kijani kitupu.

Mzee amepita na lenzi, na vichwa vyote anaviona kingo zake. Amesaini ukurasa wa bawa la kushoto, isipokuwa jaribio la maji.

Ijumaa, 8 Agosti, Nanenane

Barabara ya Uyole imejaa watu wanaoelekea viwanja vya John Mwakangale, vumbi hadi ndani ya ghala. Siku ya kumwaga maji ni hii.

Bawa limewekwa kwa pembe litakayokaa nayo ndege ikiwa imeegeshwa. Mpira wa maji juu yake kwa muda wa mvua ya kweli, siyo manyunyu. Ndani tulikuwa tumebandika karatasi laini za chooni chini ya kila mstari wa riveti, maana karatasi hiyo haifichi hata tone. Tukafungua vifuniko vya ukaguzi na kutazama kwa tochi.

Mistari ya riveti ni mikavu yote. Karatasi mbili zimelowa, zote kwenye ncha ya bawa, na maji hayakutoka kwenye riveti. Yamepita kwenye ungio la bati la juu na kifuniko cha ncha, mahali ambapo mjenzi wa kwanza hakuweka kitu katikati. Kile kifuniko kitafunguliwa, kisafishwe, kifungwe upya na praima mbichi kama tulivyofanya kwenye kiraka. Matundu ya kutolea maji yamefanya kazi: maji yaliyoingia kwenye ncha yalitokea chini bila kubaki.

Bawa la kulia linapanda mezani wiki ijayo. Halina kiota, ila lina mistari ya penseli pande zote mbili, na kwenye ukingo wa mbele kuna riveti zilizokosa misumari ambazo Mzee ameshazizungushia nyekundu. Riveti za 4.0 zimebaki chache, tunaagiza. Mwenye balbu za vifaranga naye ameulizia balbu zake, kwa hiyo kama kuna mtu Mbeya mjini ana za akiba, aje nazo, chai ipo.